Aliyetega Sikio Ndani ya Behewa

Haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu haya mawili, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Nakwambia mapema kwa sababu nawajua watu. Ukisema umeona kitu, swali la kwanza ni, "Siku hiyo ulikuwa umekunywa nini?" Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi, basi. Wala usiniambie kwamba waliokufa hutembea usiku tu. Aliyesema hivyo hajawahi kuwa Voi saa saba mchana, wakati jua limewafagia watu wote barabarani, hata mbwa wamejificha chini ya malori, na ukisimama nje unasikia damu ikipiga masikioni. Mimi nikiambiwa nichague saa ya kukutana na mzimu, nitachagua usiku. Usiku angalau unaweza kusema macho yalikudanganya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana, fundi seremala. Nilijifunza kazi misheni ya Bura, kule milimani kwetu, kisha nikateremka Voi kutafuta riziki. Nikaajiriwa katika shamba moja la mkonge. Meneja alikuwa Mgiriki mwenye sauti kubwa na moyo si mbaya sana. Alitaka ofisi ya karani wa vibarua, lakini akipigiwa hesabu ya mawe na saruji anashika kichwa. Ndipo akasikia kuna behewa kuukuu la mizigo limetupwa kando ya reli kule Maungu, limekaa miaka na miaka, popo na mbuzi ndio abiria wake. Akalinunua. Likaletwa kwa lori, magurudumu yametolewa, likalazwa juu ya mataruma, yale magogo ya reli, karibu na lango la shamba.

"Fundi," akaniambia, "nataka madirisha mawili, mlango wa bawaba, dari, meza na rafu. Na mbao zote zilizooza utoe, utie mpya."

Tulicheka sana, mimi na Mutua. Mutua alikuwa Mkamba, mpaka rangi, mwenzangu katika kila kazi pale shambani. Alisema karani huyo atakuwa mtu wa kwanza Voi kupanda treni kila asubuhi na kushuka jioni palepale alipopandia. Nami nikaongeza kwamba angalau hatadaiwa tikiti. Ndivyo tulivyoanza kazi ile, kwa mizaha. Laiti ningalijua.

Lakini kabla sijaendelea, lazima nikueleze habari za mama yangu, la sivyo hutaelewa kitu.

Mama aliitwa Wakesho. Alikuwa na mkono wa kushoto uliopinda kwenye kiwiko, haunyooki, na kwa mkono huo alilima, alibeba kuni, alitulea sisi na alituchapa vizuri tu. Hakuzaliwa Bura. Alizaliwa Kasigau, ule mlima uliosimama peke yake upande wa kusini wa Maungu. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, Wajerumani walivuka mpaka wakafika Kasigau, na serikali ikasema watu wa pale wamemsaidia adui. Adhabu yake unaijua? Mlima mzima uliondolewa watu. Wazee, wanawake, watoto wachanga, wote waliteremshwa hadi Maungu, wakapakiwa ndani ya mabehewa ya mizigo, wakapelekwa pwani, mbali, upande wa Malindi. Wengi hawakurudi. Mgeni wa mambo haya atadhani natia chumvi. Nenda Kasigau ukaulize.

Mama alikuwa mtoto, meno ya utoto bado kinywani. Ndani ya behewa lao ubao mmoja wa chini ukutani ulikuwa umevunjika. Treni ilipoanza kusogea, mama yake alimsukuma nje kupitia pale. Akaangukia mawe, mkono ukavunjika. Mwanamke mmoja wa Bura, aliyekuwa amekuja Maungu kuuza vyakula kwa wapagazi, ndiye aliyemwokota, akamficha chini ya shuka yake, akampandisha milimani na kumlea kama wake. Mimi huyo ndiye niliyemwita bibi.

Sasa wewe na mimi tukisikia hivyo tunasema, mama yake alimwokoa. Lakini mama hakuona hivyo. Aliona kwamba walikuwa watoto wawili, yeye na mdogo wake wa mgongoni, na mama yao akachagua. "Yule alibebwa, mimi nikatupwa," ndivyo alivyosema siku zote. "Na mimi sikumpa hata kilio. Mkono ulivunjika nikanyamaza." Hasira ile aliilea vizuri kuliko alivyotulea sisi. Watu wa Kasigau waliporudishwa makwao baada ya miaka mingi, walituma neno Bura kuuliza kama yule mtoto yu hai. Mama akajibu kwamba mtoto huyo hayupo. Hakwenda kuwaona, wala hakuuliza nani amerudi na nani amekufa.

Kwetu Taita hasira ya namna hiyo haichezewi. Wazee wanasema hasira ya ndugu kwa ndugu ni ugonjwa, inamla aliye nayo na inamfunga anayekasirikiwa. Dawa yake ni kutasa. Unachukua maji mdomoni, au pombe ya miwa, unayanyunyiza kwa midomo, na huku unaitoa hasira kwa maneno, moja moja, mpaka moyo ubaki mtupu. Bibi alimsihi mama afanye hivyo. Mama akakataa, akasema yeye ni Mkristo, mambo hayo ameyaacha. Mimi nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, maana Ukristo wake ulikataa kutasa tu. Pombe ya miwa yenyewe aliipika, tena nzuri.

Haya, turudi kwenye behewa.

Tulikata madirisha, tukatundika mlango, kazi ikaenda. Ikabaki zamu ya mbao zilizooza. Katika pembe moja ya nyuma, chini kabisa, nilikuta ubao uliokuwa kiraka, wa mti tofauti, umepigiliwa kwa misumari mirefu kupita kiasi. Nikajiuliza, fundi gani huyu aliyeogopa kiraka kisitoke? Ilikuwa mchana, Mutua amekwenda kulala kivulini. Mimi nilikuwa na ubishi wa ujana, nikasema sitoki mpaka nimeung'oa. Nikatia mtaimbo, nikaukandamiza kwa uzito wangu wote, ukatoka ukilia. Mwanga ukaingia chini pale, na upepo wa joto.

Nikageuka kuchukua ubao mpya. Nilipogeuka tena, kulikuwa na mwanamke amepiga magoti, sikio lake kwenye lile tundu.

Sikushtuka. Usinicheke, nakwambia ukweli. Mlango ulikuwa wazi na wake za vibarua walizoea kuingia kukimbia jua. Nilichoshangaa ni mavazi. Alivaa ngozi ya mbuzi na shanga za zamani shingoni, mtoto mchanga amefungwa mgongoni. Nikasema moyoni, huyu ametoka Kasigau ndani kabisa, kule mitindo haijafika. Nikamwamkia kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita.

Akainua mkono kuninyamazisha. "Subiri kidogo, mwanangu. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini, mama?"

"Mtoto. Ameangukia upande huo. Nilimwambia asilie, wakimsikia watamrudisha ndani. Sasa halii kabisa."

Nilidhani ana mtoto wa pili anayecheza nje ameanguka. Kwani wewe ungedhani nini? Nikatoka mbio, nikazunguka behewa, nikapekua majani, nikachungulia chini ya mataruma. Hapakuwa na mtoto. Hapakuwa na kitu ila vumbi na mjusi mmoja. Nikarudi ndani, na yeye bado alikuwa palepale, hajasogea hata ukucha.

"Huko nje hakuna mtoto, mama."

Akanitazama. Niamini, nimetazamwa na watu wenye njaa, nimetazamwa na watu wanaokufa, lakini sijawahi kutazamwa hivyo. Alikuwa kijana, pengine ananizidi mimi miaka michache tu, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Nikamnyooshea chupa yangu ya maji. "Kunywa. Na umpe huyo wa mgongoni, kichwa kimemlegea kwa jua."

"Huyu hahitaji," akasema, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. "Huyu alitulia tangu jana njiani. Ndiyo sababu nikamtoa mwenzake. Nilikuwa nimebaki na mmoja."

Nikautazama uso wa yule mtoto mchanga. Sitakueleza nilichokiona. Nimekwisha kuwa mzee, na bado kuna mambo siyasemi.

Yule mwanamke akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya kuombaomba, "Nilisikia kitu kikivunjika. Mwanangu, kilikuwa kichwa au mkono? Niambie tu. Kichwa au mkono?"

Hapo ndipo nilipojua niko mbele ya nani. Nilijua jibu. Nilikuwa nimechapwa kwa mkono huo utoto wangu wote! Nikafungua kinywa nimwambie, lakini ulimi ulikuwa mkavu, umeshikamana na kaakaa. Na wakati huohuo treni ikaja.

Miaka ile serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na zilikuwa zikipita treni zenye watu waliofungwa, wametoka bara, wanapelekwa kwenye kambi za kizuizini upande wa Mackinnon Road. Madirisha yana vyuma, na vidole vinaonekana. Tulizoea. Mungu atusamehe, mtu huzoea. Reli haikuwa mbali na lango letu, na ile treni ilipopita behewa letu zima lilitetemeka. Mle ndani ya treni watu walikuwa wakiimba, au wakilia, sikuweza kutofautisha.

Yule mwanamke akageuza uso kuelekea sauti. "Bado wanapakia?" akauliza. "Mpaka leo bado wanapakia?"

Treni ikapita. Vumbi likatulia. Pale pembeni palikuwa na tundu na mwanga wake, basi.

Nilitoka mle ndani nikikimbia, nyundo mkononi, mpaka alipolala Mutua. Akainuka akauliza kama nimeona nyoka. Nikamweleza yote. Mutua ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakutania. Alisema neno moja tu: "Fundi, tundu hilo usilizibe bado."

Sikuliziba. Siku zilizofuata nilikaa mle kila mchana, peke yangu, chupa ya maji imejaa, jibu langu tayari mdomoni. Nililisema kwa sauti, "Ni mkono! Yu hai!" Nililisema nikielekea ukuta, dari, tundu. Hakuna aliyekuja kulipokea. Meneja akaanza kuninung'unikia, akiuliza karani ataingizwa lini, na kwa nini ofisi ina shimo la kuku. Ndipo nilipoelewa kwamba si mimi niliyekuwa nikingojwa. Nikaomba ruhusa, nikapanda Bura.

Nilimkuta mama nje ya nyumba anachambua maharagwe. Alikuwa mgonjwa wa kifua tangu kiangazi kianze, amekonda, kila akikohoa anashika ubavu. Nikakaa chini karibu naye nikamsimulia. Nilipomtaja mwanamke mwenye ngozi ya mbuzi, akaacha kuchambua. Nilipofika kwenye tundu, akakasirika.

"Nani amekutuma? Ni wale wa Kasigau? Waambie sina mama. Mwanambuzi hatupwi hivyo, sembuse mtu."

"Mama, hakuna aliyenituma."

"Basi mbona alimbakisha yule? Kama alikuwa na uchungu, mbona hakututoa wote? Tundu lilikuwa na nafasi!"

Nikamwambia. Nilitamani mtu mwingine amwambie, lakini hapakuwa na mwingine. "Mama, yule wa mgongoni alikuwa ameshakufa. Alikufa siku moja kabla, njiani. Wewe ndiye uliyekuwa umebaki."

Ungo ukamteleza magotini, maharagwe yakamwagika, kuku wakaja, na wala hakuwafukuza. Kisha akasema, si kwangu, sijui kwa nani, "Miaka yote hii nimemwonea wivu maiti."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nasema kuna uchungu wa mzazi ambao mwana anaujua akiwa amechelewa, na huo hauna hata methali. Nililia siku hiyo, kijana mzima, mbele ya kuku.

Kesho yake mama alisema twende. Nilidhani tutatafuta lori la mboga, kwa sababu mama hakuwahi kupanda treni maisha yake yote. Reli ya Taveta inapita pale Bura, majirani wote waliipanda, yeye alikuwa akienda Voi kwa miguu. Lakini miguu ilikuwa imekwisha nguvu, na lori halikuwepo. Akasema tupande. Ndani ya behewa hakuketi kwenye benchi. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, macho amefumba, ameushika mkono wake mbovu kwa mkono mzima. Watu walimtazama. Bibi mmoja akampa chungwa, akalishika mpaka Voi bila kulimenya.

Tulifika shambani jua likiwa utosini. Mutua alikuwa akipaka rangi nje. Alipomwona mama alivua kofia, akaweka brashi chini, akajitenga.

Mama hakutaka kuingia. Alizunguka nyuma, akalitafuta lile tundu, akapiga magoti nje, penye mawe, mahali ambapo mtoto angeangukia. Mimi akaniambia, "Wewe ingia. Uniangalizie kama yupo."

Nikaingia. Yupo. Amepiga magoti, sikio kwenye tundu, kama nilivyomwacha. Ukuta mmoja wa ubao kati yao. Nilikuwa nawaona wote wawili, mmoja kwa macho na mwingine kwa kivuli chake kwenye mwanga wa tundu, nikashika dirisha.

"Yupo?" mama akauliza kutoka nje.

"Yupo, Mama. Anasikiliza."

Nikamsikia akifungua kibuyu alichotoka nacho Bura. Akavuta maji mdomoni, akayanyunyiza, mengine yakapita kwenye tundu yakalowesha sakafu. Kisha akaanza kuitoa. Aliitoa yote. Alisema alivyoamka usiku kwa bibi akitafuta titi la mtu asiyekuwepo. Alisema jinsi watoto wa Bura walivyomcheka mkono. Alisema jinsi siku ya harusi yake alivyokataa kumtaja mama yake, na tulipozaliwa mimi na ndugu zangu alivyokataa jina lake lituguse. Kila neno na maji yake. Sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo, wala kanisani.

Mwishowe akasema, "Mama, ni Wakesho. Niliangukia mkono. Kichwa ni kizima. Nilipata mtu wa kunilea, nikaolewa, nina watoto, huyo aliye humo ndani na wewe ni mjukuu wako. Uliniambia nisilie. Nilikutii, Mama. Nilikutii mno. Sasa nalia, unisikie."

Akalia. Hakulia kama mama yangu ninayemjua, wala kama mwanamke mzima msibani. Alilia kwa sauti kali na nyembamba, sauti ya mtoto aliyevunjika mkono na hajui afanye nini. Mutua, kule alikosimama, aligeuka akatazama nyuma, na baadaye aliniapia kwamba alitafuta kwa macho mtoto gani huyo analia.

Ndani, yule mwanamke alisikia. Niliona mabega yake yakishuka. Aliondoa sikio pale kwenye tundu. Akafungua ngozi ya mgongoni taratibu, akamtoa yule mchanga, akamlaza mapajani pake na kumfunika uso, jambo ambalo naamini hakuwa amekubali kulifanya mpaka saa ile. Akainama. Hakunitazama, wala hakusema neno. Halafu nikawa natazama sakafu iliyolowa.

"Amesema nini?" mama akauliza kutoka nje. "Mwanangu, amesema nini?"

Ungejibu nini wewe? Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema amekubariki, amekuita jina lako. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Nilisema, "Hakusema kitu, Mama. Amesikia, ameondoka."

Mama akauingiza mkono wake uliopinda kwenye lile tundu, ukafika ndani hadi kwenye kiwiko, vidole vikipapasa hewani. Akauacha pale. Nilitamani kuushika mimi, lakini nilijua si mkono wangu anaoutafuta. Ulikaa vile mpaka kivuli cha behewa kikahama, kisha akauvuta polepole na kuniomba nimsaidie kuinuka.

Sasa utaniuliza, je, mama alipona? Hakupona. Hasira ilimtoka na nguvu zikatoka nayo. Alibaki kwangu Voi akisubiri kuwa na nafuu ya kupanda Bura, na kila jioni aliniuliza lilelile, alikuwaje. Alivaa nini. Meno yake yalikuwaje. Nilipomwambia alikuwa kijana, mdogo kuliko mama alivyokuwa sasa, akasema, "Maskini mtoto wa watu." Alikuwa akimwita hivyo mama yake mwenyewe.

Siku alizoweza kutembea alikwenda kusimama karibu na stesheni na debe la maji, treni za wafungwa zinaposimama. Askari walimfukuza. Akarudi. Siku moja nilikuwa naye, mkono mmoja ukatoka kati ya vyuma na kurusha kofia ya sufu, ndogo, ya mtoto, sijui aliyeirusha alitaka imfikie nani. Ikaanguka kwenye kokoto. Mama yangu, na kifua kile, akakimbia, akaiokota, akaiinua juu kwa ule mkono mbovu na kupiga kelele, "Nimeipata! Wewe huko, nimeipata!" Akarudia na kurudia treni ikiondoka, hata ilipokuwa mbali kabisa. Askari mmoja akamsukuma. Nikamuuliza mama kofia ile ataipeleka wapi, hamjui mwenyewe. Akasema hajui. Lakini, akasema, aliyeirusha hatakaa akijiuliza kama imefika.

Alifariki mvua zilipoanza. Tulimzika Bura na padre alikuwepo. Baada ya matanga nilikwenda Kasigau, mara yangu ya kwanza, na nikampata bibi mmoja aliyekuwa ndani ya behewa lile akiwa msichana. Sikumweleza kitu. Nilimuuliza tu kama anamkumbuka mwanamke mwenye mchanga mgongoni. "Yule wa kutega sikio?" akasema. "Hakukubali tumtoe mtoto mgongoni, wala hakukubali maji. Alikata roho hatujaona bahari." Nikamuuliza alizikwa wapi. Bibi yule akatazama chini. Watu wetu wa kale walikuwa wakiviweka vichwa vya wazee wao pangoni, pamoja, ili wasiwe peke yao. Cha huyu hakipo.

Tundu nililiziba mwenyewe, kwa ubao mzuri, na karani akaingia ofisini kwake akafanya kazi miaka mingi bila kuona kitu, akilalamika joto tu. Mimi useremala niliendelea nao, lakini kazi ya kugeuza mabehewa au malori ya zamani sikuipokea tena, hata kwa malipo gani. Watu huniita mwoga. Sawa.

Basi nawe unayenisikiliza, kama umesikia haya ukadhani ni ya kupoteza wakati, chukua angalau hili. Ukiona watu wanachukuliwa, na mmoja wao akakupitishia kitu mkononi, mtoto, nguo, au neno la kupeleka, usikipokee kimyakimya ukaondoka. Hata kama unaogopa. Hata kama umekatazwa. Mjibu. Piga kelele asikie kwamba kimefika, kwa sababu yeye hana namna nyingine ya kujua, na atakaa akisikiliza.